Stima Zimepotelea Wapi? Shajara ya Siku Tisa za Mwanzo Mjini Tanga

Jumamosi

Tulivuka Likoni kwa kivuko cha alfajiri, mimi na mwanangu wa miaka minane, tukiwa na masanduku mawili, mfuko wa vyombo na godoro lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Mume wangu alitangulia Tanga miezi minne iliyopita. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi yake iko Chongoleani, mahali linapoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda, mwendo wa kilomita 1,443. Mimi nimefundisha Kiswahili mjini Nakuru kwa miaka 14, na ninalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonipa kiburi nilichovuka nacho mpaka: nilijiambia kwamba kama kuna mtu katika familia yetu asiyehitaji kujifunza lugha ya huko, mtu huyo ni mimi.

Matatu ilipita Ukunda na Msambweni ikijaa na kupungua, na kadiri tulivyosogea kusini ndivyo Kidigo kilivyozidi kutawala garini. Lunga Lunga tulishuka, tukagongewa mihuri, tukatokea Horohoro kwa miguu. Wale kina mama wa Kidigo tuliokuja nao walikuta wenzao wakiwangoja upande wa pili, na mazungumzo yao yakaendelea pale pale yalipokuwa yameachiwa, bila neno hata moja kubadilika. Mstari ule waliuchora Waingereza na Wajerumani katika makubaliano ya mwaka 1886, ukawaacha Wadigo nusu huku na nusu kule. Kilichobadilika pale siku ya leo hakikuwa Kidigo. Ni Kiswahili.

Nililifahamu hilo dirishani, afisa aliponiuliza kwa upole, "Mwafikia wapi?" Nikajibu kwamba tutafika Tanga mchana huu, inshallah. Akatabasamu, akasema, "Kufika mtafika, mama. Nauliza mwafikia wapi, nyumbani kwa nani?" Kumbe alitaka kujua tutakapolala. Kitenzi hicho nimekisahihisha katika insha mara zisizohesabika, lakini katika miaka yangu yote hapakuwa na mtu aliyewahi kuniuliza ninafikia wapi. Kwetu tungeulizwa tutakaa wapi, au kwa haraka zaidi, tunaishia wapi.

Gari la kutoka Horohoro hadi Tanga lilikuwa la aina ile ile tuliyoshuka, hata vitambaa vya viti vilifanana, ila upande ule ni matatu na upande huu ni haisi. Ni kilomita 65 hivi za lami. Utingo alipanda juu kufunga mizigo, nami nikamwita kama ambavyo ningemwita yeyote wa kazi hiyo nyumbani: "Manamba, tafadhali nishukishie lile sanduku dogo." Pakawa kimya kidogo. Mzee aliyeketi kiti cha mbele aligeuka, akanitazama, kisha akarudisha macho yake barabarani. Kijana akalishusha sanduku akisema, "Manamba tena, mama? Mimi konda." Nilidhani ameona namdharau kwa cheo, nikamwomba radhi, na safari ikaendelea. Tulipofika mjini mwanangu alipiga kelele, "Shukisha!" na gari zima likacheka kwa wema, abiria mmoja akamfundisha kwamba hapa mtu husema "shusha", na dereva huitwa suka.

Nyumba yetu iko Ngamiani, ambako mitaa ina namba badala ya majina, na mtu husema anakaa barabara ya saba au ya kumi na mbili bila kuongeza neno. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Alinipokea mfuko, akanishika mkono, akachungulia nyuma yangu upande wa bajaji. "Na bibi yu wapi?" akauliza. Nikamwambia hatuna bibi tuliyekuja naye. "Mumeo kasema bibi yake yuaja pamoja na mtoto." Ndani, katika chumba chetu, kulikuwa na kitanda kifupi alichokiazima kwa jirani ili kikongwe asipate tabu ya kupanda, na kando yake kiti cha kuegemea. Mume wangu, kama Wakenya wengi, humwita mkewe bibi. Tanga bibi ni mama wa mama yako au mama wa baba yako. Jioni hii nzima tumeirudisha samani ya ukongwe wangu kwa wenyewe.

Jumapili

Asubuhi nilitoka uani nikamsalimu mama mwenye nyumba, "Habari ya asubuhi, mama?" Akajibu, "Nzuri," kisha akaendelea kunitazama kama mtu anayengoja chenji. Mwanangu akatokea nyuma yangu, akatamka neno alilolikariri katika kitabu cha darasa la pili, "Shikamoo." Uso wa mama ukafunguka. "Marahaba, mjukuu wangu, marahaba!" Akampa kitumbua cha moto kutoka kaangoni. Mimi sikupewa mpaka niliposahihisha kosa langu. Shikamoo nimeifundisha, nimeitungia maswali ya mtihani, lakini sikumbuki ni lini nilimwamkia nayo mtu aliye hai. Nakuru salamu hiyo huonekana ya vitabuni, na mzee ukimwambia huenda akauliza kama umetoka pwani.

Baada ya salamu kuu zilifuata nyingine ndogondogo, na kila moja ilitaka jibu lake: nimeamkaje, mtoto kaamkaje, za safari, pole na safari, za huko nilikotoka. Nilihesabu saba kabla hatujafika kwenye chai. Mama huyu alizaliwa kusini kidogo ya mji, upande wa Tongoni, na maneno yake yana mkato ambao sikio langu linaukimbilia kwa nyuma. Husema "n'shawaambia" na "n'ambie", akiimeza irabu na kuiacha konsonanti ikisimama peke yake kama mtu wa mguu mmoja. Huuliza "wataka chai?" na "waenda wapi?" pale ambapo mimi ningesema unataka na unaenda. Mtu akikaribia, husema "yuaja".

Hapo lazima nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita alihamia darasani kwangu mtoto kutoka Kwale, akaandika katika insha, "Mama yuaja kutoka sokoni." Nilipiga mstari mwekundu nikaandika pembeni "anakuja", nikamkata alama. Sheria niliyoifuata ina asili yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kitakuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikawekwa kando katika mji wake chenyewe, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikaanza kazi. Lahaja za mwambao huu, Kimtang'ata kikiwamo, hazikupata hata nafasi ya kushindana. Mtoto yule aliandika kama wanavyosema wazazi wake na kama anavyosema mama huyu anayenimiminia chai, nami nikamwona hajui kunyambua.

Usiku taa zilizimika ghafla. Nilikuwa nakunja nguo, nikaita kwa sauti, "Mama, stima zimepotea!" Kutoka uani sauti ikanijibu bila kusita, "Zimepotelea wapi mwanangu, baharini?" Nilitoka nikamkuta akicheka gizani huku akipapasa kibiriti. Kwake yeye stima ni meli, na ndivyo neno lilivyokuwa kabla sisi Wakenya hatujalihamishia kwenye nyaya. Baba yake alikuwa akipanda stima kwenda Unguja. Umeme, akaniambia, hukatika. Haupotei. Nikawaza kwamba kwa mtu anayekaa gizani tofauti hiyo ni ndogo, lakini nikaona si vyema kubishana na mwenye kibiriti.

Jumatatu

Soko la Mgandini. Nilikwenda peke yangu, nikarudi na kikapu kizima na majina nusu.

Kwanza niliomba dania, muuzaji akanionyesha mikono mitupu, ingawa fungu zima la dania lilikuwa mbele yake likinukia. Hapa ni giligilani. Viazi nilivyozoea kuviita waru ni mbatata, na nyanya baadhi ya akina mama waliziita tungule. Muuzaji wa pili aliniuliza kama nimeshapata mboga, nikamwonyesha sukuma wiki zilizojaa kikapuni. "Hizo za majani naziona," akasema, "mboga je?" Nilimtazama kama mwendawazimu. Nilipofika nyumbani ndipo mama mwenye nyumba aliponifafanulia kwamba mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, kiwe dagaa, kiwe nyama, kiwe maharage. "Leo mboga yetu changu," akasema, akamgeuza samaki kaangoni, na mwanangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwalimu wake wa sayansi anajua.

Lakini lililonikaa zaidi si jina la kitu. Nilisimama kwenye meza ya nyanya nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe za elfu moja." Kijana akahesabu, akatia mfukoni, akanipa, bila neno. Aliyenifuata alikuwa msichana wa shule, akasema, "Kaka, naomba na mimi za buku." Kijana akahesabu zile zile, kisha mkono wake ukarudi kwenye lundo ukachukua mbili zaidi, akaziweka juu. Nilibaki pale nikijifanya napanga kikapu ili nione kama ni bahati. Haikuwa bahati. Kila aliyeomba aliongezewa, na mimi niliyeamuru nilipata haki yangu kamili, wala si zaidi.

Kisarufi "nipe" haina dosari yoyote; ni amri yenye kiambishi cha mtendwa, nimeichora ubaoni mara elfu. Nakuru inasemwa kwa tabasamu na hakuna anayeumia. Hapa inasikika kama sauti ya mtu mwenye kiboko. Nilikuwa nimepita soko zima tangu asubuhi nikiamuru watu wazima kwa Kiswahili fasaha.

Kwenye mgahawa wa pembeni nilijirekebisha, nikaomba chai, ila kwa uchovu ulimi ukarudi kijijini kwetu ikatoka "shai", maana Kikuyu changu hakina ile "ch" ya pwani na mimi huishikilia kwa nguvu za mshahara. Mhudumu hakucheka. Aliniletea chai nyekundu isiyo na maziwa. Kwetu chai isiyo na maziwa ndiyo inayopewa jina lake la pekee, strungi, na ukisema chai tu utaletewa ya maziwa; Tanga ni kinyume, chai ni ya rangi mpaka utakapotaja maziwa. Niliinywa hivyo hivyo.

Jumanne

Nilitaka leso ya kujifunga nikifanya kazi za ndani. Dukani nikaomba (sasa naomba kila kitu) leso mbili nzuri, zinazofanana. Muuzaji akaniwekea juu ya meza vitambaa viwili vya kufutia jasho, vilivyokunjwa pembe nne, kimoja cha bluu. Nilipomwonyesha kwa mikono kwamba nataka kitu cha kuzunguka kiunoni akaelewa, akasema, "Ah, kanga!" Nililipa kanga. Leso moja nilimnunulia mume wangu pia, kwa aibu.

Jumatano

Asubuhi bombani niligonga ndoo ya jirani, maji yakamwagika yote. Nikasema haraka, "Pole! Pole sana!" Akaniangalia kwa mshangao uliokuwa karibu na hasira. "Wanipa pole wewe, na aliyeyamwaga nani?" Kwetu pole ni ya kuomba msamaha na ya kufariji pia, moja kwa yote. Hapa pole ni ya mtu aliyepatwa, inatoka kwa mtu asiye na hatia. Mwenye kosa husema samahani au nisamehe. Nilichomfanyia ni sawa na kumsukuma mtu shimoni kisha kumpa rambirambi. Nilisema samahani, nikamchotea ndoo nyingine, na hasira yake ikaisha kabla ndoo haijajaa.

Kilichotokea baadaye kilikuwa kigumu zaidi kwangu kuliko kwake. Tulipokuwa tukirudi, amenizoea, akanishika bega akasema, "Usijali, shoga yangu." Nilihisi damu ikinipanda usoni. Nakuru neno hilo halitamkwi ila kwa tusi au kwa ugomvi wa siasa, na hapa lilikuwa linatamkwa na mwanamke wa heshima, mwenye mtandio, mbele ya mwanangu, kwa sauti ya mapenzi. Sikusema kitu. Mchana nilimsikia mama mwenye nyumba akiliita hilo hilo kwa rafiki yake wa miaka arobaini, wawili wakichambua mchele, na ndipo nilipoelewa kwamba kwa wanawake wa mwambao shoga ni mwanamke mwenzako wa karibu, wa siri na wa shida. Nimekubali kuitwa. Kuita bado siwezi.

Jioni alipiga simu mdogo wangu kutoka Nakuru. Nilipomaliza nilimwambia mama mwenye nyumba kwa huzuni, "Nyanya yangu anaumwa." Akaitupia jicho bakuli ya nyanya pale jikoni kabla ya kunitazama mimi. Siku ile ya kwanza aliniandalia kitanda akidhani nimekuja na bibi, na leo bibi mwenyewe nimemgeuza tungule. Tulicheka wote wawili, nami nikamaliza kucheka nikalia kidogo, kwa sababu nyanya yangu, bibi yangu, anaumwa kweli.

Alhamisi

Nimekwenda kumwandikisha mwanangu katika shule ya msingi ya mtaani. Hapa siku ilikuwa yake na si yangu.

Nchini Kenya mtoto hujifunza hesabu na sayansi kwa Kiingereza, na Kiswahili ni somo miongoni mwa masomo. Katika shule za msingi za serikali za Tanzania mambo yamegeuka: Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, na Kiingereza ni somo. Nililijua hilo kama mtu anavyojua urefu wa Mlima Kilimanjaro. Sikuwa nimewahi kulipanda.

Mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mpole, alimwomba aandike ubaoni saba mara nane. Mwanangu, ambaye kwa Kiingereza angejibu kabla swali halijaisha, alisimama na chaki mkononi akinitazama mimi. Hakujua kwamba "mara" ni kuzidisha. Kwake mara ni muda, mara moja, mara kwa mara. Mwalimu akamwandikia kwa tarakimu, naye akajibu papo hapo 56, akapumua. Kisha yakaja maneno ya sehemu, ambayo juu yake huitwa kiasi na chini yake asili, na hapo hata mimi nilikaa kimya. Nimesahihisha mashairi ya arudhi zote, lakini sijawahi kugawanya chungwa kwa Kiswahili. Nikiwa nimeketi kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa ubao, nilijaribu kujifanyia moyoni hesabu ya nauli ya kuja Tanga kwa lugha ninayoifundisha, nikajikuta katikati nimehamia Kiingereza bila kujua nilivuka wapi.

Mwalimu alimpokea. Alisema wapo watoto wawili wa mafundi kutoka Uganda ambao nao walikuja bila maneno hayo, na wameyapata kabla ya muhula kuisha kwa sababu ya kucheza gololi. Njiani kurudi mwanangu aliniuliza neno shule ni la wapi. Nilimwambia ni la Kijerumani, lilibaki hapa Wajerumani walipoondoka, kama ilivyobaki hela, iliyotokana na sarafu yao ndogo iliyoitwa Heller. Akasema basi hawa nao walichanganya. Sikutaka kulikuza neno lake, tukanunua barafu.

Ijumaa

Tangu Jumamosi lilikuwa linanisumbua lile neno langu la kwenye haisi, na yule mzee aliyegeuka. Nilimwuliza mama mwenye nyumba manamba ina ubaya gani. Aliacha kukuna nazi. "Kamwulize mzee wa nyumba ya kona," akasema, "babake alikuja kwa namba." Baada ya swala ya Ijumaa alinipeleka mwenyewe.

Mzee alitukaribisha barazani, akatuagizia kahawa na kashata, akataka kwanza kujua Nakuru ni mbali kiasi gani na Nairobi na kama kuna ziwa. Kisha akasimulia taratibu, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa, chenye "waja" na "n'shasema" zake. Baba yake alikuwa Muha kutoka Kigoma. Aliandikishwa akiwa kijana kwenda kukata mkonge katika shamba moja upande wa Ngomeni, karibu na Muheza. Miaka ya arobaini wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, lililokuwa likiwatafuta watu mbali sana, Kigoma, Songea, hata ng'ambo ya mipaka, maana Wabondei na Wadigo waliokaa jirani na mashamba hawakuwa wepesi wa kuikimbilia kazi ile. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, akaitwa kwa namba hiyo asubuhi na akalipwa kwa namba hiyo jioni ya mwisho. Ndio hao manamba.

"Baba hakupenda kuitwa hivyo," mzee akasema. "Hata alipokuwa na nyumba yake, na ng'ombe, akigombana na mtu, yule atamwambia, kwani wewe si manamba? Yamalizika maneno."

Nilimweleza kwamba kwetu manamba ni kijana wa matatu, anayeita abiria na kupokea nauli, na kwamba yamkini nasi tulilitoa kwenye neno lile lile la Kiingereza la namba, kwa namba za njia. Alilifikiria hilo kwa muda akizungusha kikombe. Akauliza kama vijana hao wana mkataba. Nikamwambia wengi hawana. "Basi wale wetu walikuwa nao," akasema, na sikuweza kujua kama anatania.

Tukaingia kwenye kipande. Kwake kipande kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30, isiyokamilika mpaka siku zote zitiwe alama, na siku uliyougua haikuhesabiwa. Kwetu kipande ni kile kitambulisho ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kutembea nacho tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakakivaa shingoni katika kikopo cha bati. Babu yangu alikuwa nacho, na hata leo vijana wa Kenya huita kitambulisho chao kipande bila kukumbuka kamba ya shingoni. Tulikaa na maneno hayo mawili barazani kama watu waliokuta kwamba wanadaiwa na mtu mmoja.

Kuhusu matamshi ya baba yake mzee alikuwa na mengi. Katika kambi za mkonge walikuwamo Wamakonde wa Msumbiji, Wabena, Wanyamwezi, Warundi, na kila mmoja alikisema Kiswahili kwa ulimi wa mama yake. Watoto wa mjini waliwaiga sokoni. Yeye mwenyewe akiwa mdogo alikuwa akimwiga baba yake mbele ya wenzake, akapigwa na mama yake kwa hilo, mara moja tu, kwa mwiko. "Sasa wajukuu zangu waniiga mie," akasema.

Jumamosi

Vijana wa kijiwe cha bajaji waligundua ninatoka Kenya na wakanipa, kama nilivyotarajia, ule msemo wa Kiswahili kuzaliwa Zanzibar, kukulia Tanzania bara, kuugua Kenya, kufia Uganda na kuzikwa Kongo. Nimeusikia tangu nikiwa chuoni. Mimi huwauliza wanaousema kama wamewahi kufika Kongo kulitazama kaburi, maana mamilioni ya watu wa Bukavu na Lubumbashi wanazungumza na maiti kila siku. Mmoja alicheka sana. Mwingine akaniuliza kwa nini basi Wakenya husema "maji iko". Sikuwa na utetezi. Tunasema.

Mchana alikuja mgeni wa mama mwenye nyumba kutoka Handeni, akatuhadithia jambo ambalo limeniondolea usingizi. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa kwenda Somalia kama watumwa, wakatoroka na kujijenga kando ya Mto Juba, wakabaki na Kizigua chao zaidi ya miaka mia moja. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 sehemu yao walikimbia wakarudi nchi ya mababu, wakapokelewa Mkuyu na baadaye Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Walikuwa wageni kwa karatasi, hawajui Kiswahili vizuri, lakini waliposema Kizigua wenyeji waliwaelewa. Nilimwuliza mgeni kama walichekwa kwa lafudhi. "Kidogo," akasema. "Lakini utamcheka vipi mtu asemaye kama marehemu bibi yako?"

Jumapili

Bibi yangu ana nafuu, nimeambiwa asubuhi. Kwa furaha niliamua kuwapikia wote wa nyumbani chakula cha kwetu, chapati na ndengu, zile ndogo za kijani. Mwanangu akajitolea kwenda dukani. Alitoka mlangoni akijisomea kwa sauti, "Shikamoo, naomba ndengu kilo moja. Shikamoo, naomba ndengu kilo moja," nami nikamsikiliza akipotelea barabarani, matamshi yote sawa, adabu yote sawa, nikaanza kukanda unga.

Alirudi na kilo moja na peremende ya nyongeza. Nilimimina kwenye sufuria bila kutazama, nikaweka mekoni, nikarudi kwenye chapati. Baada ya saa nzima nilifunua nikakuta zimelala chini ya maji, kubwa, rangi ya mchanga, ngumu kama gololi. Mama mwenye nyumba akaja kuchungulia kwa bega langu.

"Wapika dengu?"

"Ndengu," nikasema.

"Dengu. Zile za kijani ni choroko, hukusema wataka choroko." Akachukua moja kwa kijiko, akaiuma kwa meno ya pembeni, akatikisa kichwa. "Hizi zalowekwa tangu jana, mwanangu. Ongeza moto."

Imetimia saa nne ya usiku. Chapati zimekwisha, zimeliwa kwa chai ya rangi, na sufuria bado inachemka.